Miembe Elfu Tatu, Kipande Kimoja cha RAM

Fundi aliinamisha laptopu yangu kwenye mwanga wa dirisha, akautazama mlango wa tembe nililokuwa nalichora ukimetameta kwenye skrini kana kwamba unaungua, akasema chipu ya michoro inakufa. Mazabodi ibadilishwe: shilingi 180,000, siku mbili. Sikuwa na pesa hiyo. Nikafunga mashine, nikarudi nayo nyumbani Isevya, hapa Tabora, na usiku uleule nikabadilisha namba moja katika programu yangu, kutoka 0.001 kuwa 0.1. Mlango ukatulia.

Namba hiyo haikunigharimu kitu, na tangu siku hiyo nina daftari. Kila ninapolipia jambo ili picha zitoke safi au ziende upesi, naandika bei upande wa kushoto na nilichopata upande wa kulia. Upande wa kulia siandiki "imekuwa nzuri", naandika milisekunde. Vijana wengi wa huku kwetu wanaojifunza kuunda gemu na picha za pande tatu wanatumia pesa ya wazazi, pesa ya tumbaku, pesa ya asali, na inaniuma kuiona ikienda kwenye kifaa ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Programu ninayoiunda ni ya kutembea. Mtu anaanzia Tabora mjini, anaishika njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara, anapita chini ya miembe mpaka anafika kwenye tembe la makumbusho, pale Kwihara walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Nataka mtoto wa Sikonge au Kaliua, ambaye shule yake haina uwezo wa kukodi basi la ziara, aingie uani, aukaribie mlango uliochongwa, atazame juu aone dari la magogo. Miembe niliyoipanda humo ni 3,000. Naitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyonifundisha karibu yote nitakayoyasema.

Nianze na ule mlango. Kompyuta inapochora, inakumbuka kwa kila pikseli umbali wa kitu kilicho karibu zaidi na macho, ili kilicho nyuma kisije kikachorwa juu ya kilicho mbele. Umbali huo mara nyingi huhifadhiwa kwa biti 24, na usahihi wake haugawanywi sawasawa: karibu na macho ni mwingi mno, na kadiri unavyokwenda mbali unapungua kwa kasi. Mahali ambapo "karibu" inaanzia anapaamua mwandishi wa programu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba kamera ianze kuona kutoka milimita moja mbele yake. Kwa hesabu hiyo, mita 50 mbele, kompyuta haiwezi tena kutofautisha vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya sentimita 15 hivi. Ubao wa mlango wangu ulikuwa sentimita 5 tu mbele ya ukuta wa udongo. Ukuta na mlango vikawa vinagombea pikseli zilezile: fremu hii, yaani picha moja katika mfululizo, umeshinda huu, fremu inayofuata umeshinda ule. Nilipoanzisha kamera kwenye sentimita 10, tofauti ndogo inayoonekana katika umbali uleule ikawa milimita moja na nusu. Ugomvi ukaisha.

Chipu inayokufa kweli ina dalili zake. Michirizi huonekana hata kabla Windows haijafunguka, kwenye nembo ya kampuni wakati wa kuwasha. Huonekana kwenye programu zote, na huzidi mashine ikishika joto. Kama kasoro iko kwenye programu uliyoiandika wewe pekee, usitoe pochi. Na kama una shaka na kioo, piga picha ya skrini, itume kwenye simu, itazame huko: ikiwa kasoro haimo kwenye picha, tatizo liko kwenye kioo au waya wake, na matengenezo yake ni madogo sana ukilinganisha na mazabodi. Vipimo vyote hivyo havihitaji hata bando.

Kipimo kingine cha bure ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ukiona programu inakwenda polepole, punguza dirisha lake liwe nusu ya upana na nusu ya urefu. Pikseli za kuchorwa zimebaki robo. Sasa soma muda wa fremu. Kama muda umeshuka sana, chipu ya michoro ndiyo iliyokuwa imelemewa. Kama haujashuka, chipu hiyo ilikuwa imekaa inasubiri, na mzigo uko kwa prosesa au kwenye namna ulivyoandika maagizo yako. Dakika moja ya kazi hiyo inatenganisha manunuzi mawili ambayo hayafanani kabisa. Nasema muda wa fremu, kwa milisekunde, na sisemi idadi ya fremu kwa sekunde, kwa sababu idadi inadanganya: kutoka fremu 60 hadi 50 umepoteza milisekunde 3.3 tu, lakini kutoka 20 hadi 10 umepoteza 50, na pote watu husema "zimepungua kumi". Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7. Fremu 30, milisekunde 33.3. Hiyo ndiyo bajeti, kama posho ya siku.

Mashine yangu ni HP EliteBook 840 G3 iliyotumika, yenye prosesa ya i5-6300U na michoro ya Intel HD 520. Niliinunua kwa 480,000 katika duka ambalo halikosi msururu wa laptopu za ofisi zilizostaafishwa huko Ulaya. Dukani waliiwekea Windows upya na kunihakikishia iko tayari. Siku ya kwanza programu yangu haikufunguka kabisa. Nilipoangalia orodha ya vifaa nikakuta mahali pa jina la Intel pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter". Maana yake Windows inajichorea kwa draiva ya dharura, ambayo OpenGL yake, yaani lugha ya kuiagiza chipu ichore, ni toleo 1.1, la mwaka 1997. Chipu yenyewe, ikiwa na draiva yake halisi, inamudu matoleo ya 4. Nikapakua draiva ya Intel na kazi ikaanza. Kwa anayetumia Linux, neno la kulitafuta ni "llvmpipe": ukiliona mahali pa jina la chipu ya michoro, prosesa ndiyo inayochora pikseli moja moja, na hakuna RAM wala SSD itakayokuokoa mpaka draiva iwekwe sawa. Ukiwa dukani, kabla hujatoa pesa, omba uoneshwe jina hilo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Jambo jingine la kukagua ukiwa bado dukani ni chaja. Laptopu za Dell huitambua chaja yao kupitia pini ya katikati, na zikipewa chaja isiyotambulika, hupunguza kasi ya prosesa hadi chini kabisa na kukataa kuchaji betri. Nimemwona mwanafunzi akihangaika wiki nzima na programu iliyokuwa inakwenda kama konokono, akaandika upya nusu ya kazi yake, kumbe ni chaja ya kuazima. Ujumbe ulikuwa unatokea kila anapowasha mashine, naye alikuwa anaufunga bila kuusoma.

Sasa nifike kwenye RAM, na hapa nitakaa kidogo.

Laptopu za aina hii hazina kumbukumbu ya pekee ya michoro. Chipu ya michoro inakula kwenye RAM ileile ambayo prosesa inakula. EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili za RAM, lakini nyingi zinauzwa zikiwa na kipande kimoja cha GB 8, na mnunuzi anaridhika kusikia "GB nane". Kipande kimoja cha DDR4 cha kasi ya 2133 kinapitisha data kama GB 17 kwa sekunde. Ukiweka cha pili kinachofanana nacho, njia zinakuwa mbili na mpitisho unakuwa GB 34. Kwa anayeandika barua, tofauti hiyo haionekani. Kwa anayechora, ni kama kupanua mlango wa godauni.

Nikanunua kipande cha pili kwa 55,000. Kabla ya hapo fremu yangu moja, nikisimama katikati ya njia na miembe yote mbele, ilikuwa inachukua milisekunde 74. Baada ya RAM, 70. Nilikaa nikiitazama namba hiyo kwa uchungu. Elfu hamsini na tano kwa milisekunde nne! Nilikaribia kuandika daftarini kwamba RAM ni bure ghali.

Kilichonizuia ni kwamba sikuwa nimefanya kipimo cha dirisha. Nilipokifanya, muda karibu haukushuka: 70 kwa dirisha kubwa, 69 kwa dogo. Chipu ya michoro ilikuwa haina kazi. Tatizo lilikuwa miembe, au tuseme namna nilivyokuwa naiita miembe.

Kila mwembe ulikuwa na agizo lake la kuchorwa. Prosesa inaandaa agizo, inalikabidhi kwa draiva, draiva inalikagua, inalipeleka. Kisha mwembe wa pili, utaratibu uleule tangu mwanzo. Mara 3,000 kwa kila fremu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Bagamoyo walibeba mzigo wa kama frasila mbili kila mmoja, kilo thelathini na ushee, lakini waliondoka pamoja, nyuma ya kirangozi mmoja, kiongozi wa msafara, na ngoma moja. Mimi nilikuwa nimempa kila mpagazi kirangozi wake, ngoma yake na siku yake ya kuondoka. Hakuna aliyechoka, ila hakuna msafara uliofika.

Dawa yake ipo kwenye OpenGL tangu toleo la 3.1: unaipa chipu mwembe mmoja, unaipa orodha ya mahali 3,000, unasema chora yote, kwa agizo moja. Kuandika upya sehemu hiyo kulinichukua jioni mbili. Fremu ikashuka kutoka 70 hadi 27.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nawasihi wote wenye daftari kama langu walifanye. Nikafungua mashine, nikatoa kile kipande cha RAM cha 55,000, nikapima tena. 41. Nikakirudisha: 27. Kumbe kipande hicho kilikuwa na thamani ya milisekunde 14 wakati wote, ila faida yake ilikuwa imefichwa nyuma ya foleni ya miembe. Kama ningeishia kwenye kipimo cha kwanza ningewaambia vijana kumi wasinunue RAM, na wote ningekuwa nimewakosesha. Ndiyo maana leo mtu akiniuliza "ninunue nini", namrudishia swali: umeshapima foleni iko wapi? Kifaa kilekile, kwa bei ileile, kinaweza kukupa milisekunde 4 au 14 kutegemea umekinunua kabla au baada ya kurekebisha maagizo.

Onyo kwa mnunuzi: si kila laptopu ina nafasi ya kipande cha pili. ThinkPad X260 na X270, ambazo zinapendwa kwa wepesi na uimara, zina nafasi moja tu. Unaweza kuongeza ukubwa wa RAM, huwezi kuongeza njia. Kwa kazi ya ofisi ni mashine nzuri. Kwa michoro naziweka nyuma ya 840 G3 ya bei ileile. Na kwa wenye uwezo zaidi, laptopu za Intel za kizazi cha 11 zenye Iris Xe zina jambo hilohilo waziwazi: ikiwekwa RAM ya njia moja, mfumo wenyewe hauiiti tena Iris Xe bali "UHD Graphics". Ukiona jina hilo kwenye mashine ya i5-1135G7, hujaibiwa chipu. Kinakosekana kipande kimoja cha RAM.

Tuseme basi unanunua laptopu mwaka huu hapa Tabora. Chini kabisa kuna za mwaka 2012 na 2013, kama EliteBook Folio 9470m, yenye HD 4000. Nilitajiwa 300,000. Ni rahisi, lakini kwenye Windows OpenGL yake inaishia 4.0, na Blender kuanzia toleo 4.0 inadai 4.3, kwa hiyo utabaki na matoleo ya zamani. Godot 4 inafunguka humo kwa mtindo wake wa Compatibility, ambao unaridhika na OpenGL 3.3. Kwa anayeanza na gemu za pande mbili inatosha, na ukiiwekea Linux draiva zake za bure zinaifikisha 4.2.

Katikati ndiko kwenye maduka mengi: HD 520 kwa 450,000 hadi 500,000, na UHD 620, kama ya ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, kwa 700,000 hivi. Hapa ndipo nimeona watu wakiongeza laki mbili wakidhani wananunua michoro bora. Hawainunui. HD 520 na UHD 620 zina vitengo vya kuchora 24 zote mbili, na tofauti kati yao ni ndogo sana kwa kazi yetu. Hiyo laki mbili inanunua prosesa ya viini vinne badala ya viwili, jambo ambalo ni la maana sana unapokusanya programu kubwa, na inanunua ruhusa ya kuingia Windows 11, ambayo haiipokei rasmi mashine ya kizazi cha 6, kama ya HD 520. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayehitaji Windows kwa ajili ya chuo ana sababu nzuri ya kulipa laki mbili hiyo. Aliye tayari kutumia Linux hana sababu hiyo.

Angalia pia kioo. 840 G3 mara nyingi huja na kioo cha 1366 kwa 768 au cha 1920 kwa 1080. Cha pili ni kizuri machoni na wauzaji huongeza bei kwa ajili yake, lakini kina pikseli karibu mara mbili, na kila pikseli lazima ichorwe. Mimi nilichagua kidogo, na sijawahi kujuta.

Juu ya hapo kuna laptopu zenye kadi ya pekee ya michoro, kama GTX 1650. Nilitajiwa kuanzia 1,500,000. Ni nguvu ya kweli. Lakini chaja yake ni kama tofali, betri haifiki mchana, na kwa joto la Tabora la Septemba na Oktoba feni yake haipumziki. Kuna pia jambo la ndani zaidi linalonifanya nisite kumshauri mwanafunzi: mashine yenye nguvu inaficha makosa. Miembe yangu 3,000 yenye virangozi 3,000 ingepita humo bila mtu kushtuka, na ningeipeleka hivyo kwa watoto wenye simu za laki moja.

Kompyuta ya mezani iliyotumika, mfano Dell OptiPlex ndogo, pamoja na kadi ya GT 1030, inatoka nafuu kuliko laptopu ya kadi, na kadi hiyo inatumia wati 30 tu kwa hiyo haihitaji waya wa ziada wa umeme. Lakini zipo GT 1030 za aina mbili zenye jina moja. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Nyingine ina DDR4, inayopitisha karibu 17. Soma boksi, na kama boksi halipo usinunue. Hesabu pia UPS, maana umeme ukikatika kazi ya mchana inakwenda nao.

SSD itanunuliwa tu, na inastahili: mashine inawaka haraka, mradi unafunguka haraka. Ila muda wa fremu hautapungua. Fundi akikuambia SSD itatibu gemu inayokwama muulize itachora nini.

Usafi nao usidharauliwe. Mashine yangu ilianza vizuri kila asubuhi na baada ya dakika kumi fremu ilipanda kutoka 27 hadi karibu 40. Vumbi la kiangazi lilikuwa limejaa kwenye mapezi ya feni, na pesti iliyo kati ya prosesa na bomba la kupoza ilikuwa imekauka kama chokaa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nililipa 15,000 kwa kusafisha na kupaka pesti mpya, na namba ikabaki 27 mchana kutwa. Daftarini mwangu hakuna pesa iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo kwa kila shilingi.

Bado 27 haikuwa 16.7. Kipimo cha dirisha sasa kilitoa jibu jingine: dirisha dogo, milisekunde 9. Chipu ya michoro ndiyo iliyolemewa safari hii, na mzigo ulikuwa majani. Jani la mwembe nililichora kama karatasi yenye sehemu zisizoonekana, na pale miembe inapofuatana, pikseli moja ilichorwa mara kumi, mara kumi na tano, jani juu ya jani, wakati jicho linaona la mwisho tu. Miembe ya mbali nikaigeuza kuwa picha bapa moja moja, ya karibu nikaipunguzia karatasi. 17. Kwa shilingi sifuri na Jumapili nzima.

Kukwama kwa ghafla nako, ule mshtuko mtu anapogeuka upande, kulitoka kwenye ukubwa wa picha za kufunika nyuso. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 inakula MB 64 kwenye kumbukumbu, hata kama faili lake kwenye diski ni MB 3, na nakala zake ndogo za kuonekana kwa mbali zinaongeza theluthi. Nilikuwa nazo kumi na mbili: kama GB moja, nyingine kwa ajili ya chungu kilichoko pembeni ya chumba. Ya 1024 kwa 1024 ni MB 4. Nilizipunguza zote isipokuwa ya mlango, kwa sababu mlango mtoto atausogelea.

Nimebakiza simu, nazo ndizo zilizonifanya nione laptopu zote hizi kwa macho mengine. Watakaoitumia kazi hii wana Tecno, itel na Infinix. Nilinunua moja iliyotumika, ya RAM GB 2, kwa 90,000, na nikaweka programu humo nikiwa na uhakika. Bendera ya msafara ilipepea vizuri. Baada ya dakika moja ikaanza kushtuka. Muda ulivyozidi kwenda ikawa inaruka kama mshale wa saa.

Kwenye laptopu haikuwahi kufanya hivyo, hata nikiiacha usiku mzima. Sababu ni kwamba nilihesabu muda wa bendera kwa namba za usahihi wa kati, ambazo laptopu inazipuuza na kutumia biti 32, lakini chipu nyingi za simu zinazitii na kutumia biti 16. Namba ya biti 16 ikivuka 64 haiwezi kusogea kwa hatua ndogo kuliko moja ya kumi na sita. Ikivuka 1024 inasogea kwa sekunde nzima nzima. Nikarekebisha muda uanze upya kila bendera inapomaliza mzunguko wake wa kupepea, na ikatulia. Picha nazo nikazibana kwa mtindo wa ETC2, na simu inazisoma zikiwa zimebanwa vilevile, robo ya ukubwa. Simu ile ya 90,000 ina ufa kwenye kona ya kioo, na ndicho kifaa ambacho kikipotea leo nitakinunua tena kesho kabla ya kula.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kutoka Urambo na kijana wake wa kidato cha sita aliyemaliza mitihani. Nilimwamkia, akaitika, akaniambia, "Mwanangu, huyu anasema bila mashine ya gemu hawezi kujifunza. Nina laki nane na nusu ya tumbaku. Nisaidie nisiibiwe." Tukaenda dukani watatu. Muuzaji alituwekea tatu mezani: moja yenye kadi ya GTX 1050, betri imekufa, 850,000 kamili, T480 kwa 700,000, na 840 G3 kwa 470,000, kipande kimoja cha RAM ndani.

Nilimuuliza kijana anataka kuunda nini. Akasema gemu ya bao, ichezwe kwenye simu. Chuo anachokitarajia hakidai Windows, na Linux alishaijaribu kwenye kompyuta ya shule. Tukaiwasha 840 G3, tukalisoma jina la chipu ya michoro, likawa la Intel. Tukaangalia chaja, tukasikiliza feni, tukaiacha inacheza video dakika ishirini huku mama akinywa soda. Kisha tukachukua kipande cha RAM cha 55,000 na simu iliyotumika ya 90,000, na muuzaji akaandika risiti ya 615,000.

Mama alizihesabu noti zilizobaki mara mbili, akazifunga kwenye kona ya kanga.

"Mbolea hiyo," akasema.